Semboja Aliposhuka Mlimani

Ukitoka Mombo kuelekea Same, ukuta wa Milima ya Usambara unakufuata mkono wa kulia, na bonde la Mto Mkomazi linatanda kushoto. Watalii wengi huwa wamekwisha kata kona Mombo, wakapanda Soni na Lushoto kufuata baridi na matunda damu. Wanaopita Mazinde hupita ndani ya basi la Arusha, pazia limeshushwa kukinga jua. Wameikosa mandhari, na wamekikosa pia kijiji kilichowahi kuuzidi nguvu mji mkuu wa Wasambaa.

Kiti cha ufalme kilikuwa Vuga, mlimani. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti alikirithi mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mtoto wa Kimweri, hakuridhika. Alimng'oa mrithi huyo, lakini Vuga hakuhamia: alimtawaza mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki zake Mazinde. Alijua anachokifanya. Misafara ya Pangani ilipita bondeni, si vileleni, na mwenye njia ndiye aliyepata bunduki, baruti na nguo kwa kubadilishana na pembe za ndovu. Bidhaa hizo zilibadilishwa kwa watu pia. Sehemu ya fahari ya Mazinde ililipiwa na mateka waliouzwa pwani, na anayeisifia Mazinde hana budi kulisema hilo. Semboja alifariki mwaka 1895, Wajerumani wakiwa wamekwisha shika nchi.

Njia haikufa naye. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikasonga mbele kupitia Mazinde, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mkonge ukafuata reli, na watu wakafuata mkonge. Manamba, yaani vibarua wa mashamba, waliletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Njombe na kwingineko; wengi walirudi kwao, wengine wakaoa, wakajenga, wakazikwa huku. Ndiyo maana ukanda huu wa chini una Wasambaa, Wazigua na Wapare, na pia Waha na Wabena ambao Kigoma na Njombe wanazisikia tu kwa babu zao. Simama kandoni mwa shamba asubuhi umtazame mkataji: anakata jani chini kabisa, anaondoa mwiba wa nchani, anayafunga majani thelathini thelathini. Mafungu yanakwenda kwenye korona, mashine ya kukamulia, na singa zinaanikwa juani, nyeupe, mistari kwa mistari.

Kiserikali, Mazinde leo ni kata ya Wilaya ya Korogwe, ingawa milima inayoitazama kutoka juu ni ya Lushoto. Katika sensa ya 2012, Lushoto ilihesabiwa watu 492,441 na Korogwe, ukiacha mji wake, watu 242,038. Huko juu mashamba yamebanana hadi kwenye miteremko mikali. Huku chini ardhi ipo, ila mvua ni ya kubahatisha. Basi mboga zinashuka, mahindi yanapanda, na vijana wanashuka kutafuta kiwanja.

Mahali pa Semboja sasa pana diwani, mtendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji. Mamlaka makubwa ya kijiji, kwa sheria ya mwaka 1982, yako kwenye mkutano mkuu, na mkazi yeyote aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Siku ya mkutano, mtendaji wa kijiji anasoma mapato na matumizi, na mama aliyekaa kwenye kanga yake ananyoosha mkono kuuliza fedha za choo cha shule zimefikia wapi. Semboja hakuwahi kuulizwa swali kama hilo.

Jina lenyewe limepanda mlima. Mazinde Juu, upande wa Lushoto, ndiko iliko sekondari ya wasichana ya St. Mary's, iliyoanzishwa mwaka 1989, na wazazi wa mikoa ya mbali hupeleka mabinti zao huko. Panda kaione. Ila anza chini. Lushoto itakupa hewa na ukungu; Mazinde itakueleza kwa nini mlima ulihitaji bonde, na kwa nini mtawala mjanja kuliko wote wa Usambara alichagua joto na vumbi la barabarani.