Mvuvi wa Ujiji Darasani

Katika mji mmoja ulio kando ya mto Neckar, kusini-magharibi mwa Ujerumani, anaishi mwana wa Ujiji ambaye kazi yake ni kutengeneza magari. Alizaliwa karibu na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mvuvi, na babu yake vivyo hivyo. Naye mwenyewe, kabla hajajua kuandika jina lake, alikwisha kujua kukumba maji yaliyoingia mtumbwini na kutunza taa za karabai usiku wa giza, ili dagaa wakusanyike chini ya mwanga. Mtu kama huyo kuambiwa kwamba hana ruhusa ya kutia ndoana majini ni sawasawa na mpishi kuambiwa asiguse mwiko.

Nayo ndiyo yaliyompata Jumapili moja. Alikuwa amenunua ufito, mshipi na ndoana dukani, na mwenye duka alipokea fedha akamtakia siku njema bila kuuliza neno. Akaenda mtoni pamoja na mwanawe mwenye umri wa miaka 11. Hawajatimiza nusu saa, mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake akasimama, akatoa salamu, akauliza kwa upole iwapo bwana anavyo vyeti vyake. Vyeti gani? Mzee akaeleza: kimoja cha serikali, na kingine cha mwenye haki ya kuvua katika sehemu ile ya mto. Hakumtishia wala hakwenda kumshitaki. Alimshauri tu akunje mshipi kabla mlinzi wa mto hajapita. Mtoto, ambaye hucheza na kuota ndoto kwa Kijerumani, aliyafahamu maneno yote upesi kuliko baba yake, akainamisha kichwa. Walirudi nyumbani kimya.

Onyo la mzee yule halikuwa mchezo. Kifungu cha 293 cha sheria ya jinai ya Ujerumani chamhesabu anayevua bila haki kuwa mwizi wa samaki, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka miwili. Ni nadra mtu kutupwa gerezani kwa ajili ya samaki mmoja, lakini mgeni anayeishi kwa kibali cha ukazi hapendi jina lake liandikwe katika daftari la polisi hata kwa jambo dogo.

Uvuvi nchini humo ni jambo la majimbo, na kila jimbo lina kanuni zake. Katika jimbo la Baden-Württemberg, anakoishi bwana huyu, mtu mzima atakaye leseni hupaswa kuhudhuria mafunzo ya saa 30 hivi, kisha hufanya mtihani wa maswali 60. Maswali yamegawanywa katika mafungu matano yenye maswali 12 kila moja: elimu ya samaki kwa jumla, aina za samaki, elimu ya maji, vyombo vya kuvulia pamoja na namna ya kumtendea samaki aliyenaswa, na sheria. Ili kufaulu ni lazima kujibu sawasawa maswali 45, na katika kila fungu yasipungue sita. Sharti hili la mwisho msomaji alikumbuke, maana ndilo lililomwangusha.

Na huko kutozwa ruhusa ya kuvua si jambo la jana. Mwaka 1525 wakulima wa kusini mwa nchi hiyo, waliokusanyika katika mji wa Memmingen, waliandika madai kumi na mawili kwa mabwana wao. Katika dai la nne walilalamika kwamba maskini hana ruhusa ya kukamata mnyama, ndege wala samaki wa maji yatiririkayo. Uasi wao ulizimwa kwa upanga mwaka uo huo. Mabwana wenye upanga wamekwisha, lakini mto bado una mwenyewe, na leo mara nyingi ni chama cha wavuvi kilichoukodi.

Basi fundi magari akajiandikisha, akaketi darasani mwishoni mwa juma, katikati ya vijana na wastaafu. Alikwenda na kiburi kidogo, na hilo hakulificha. Mwalimu alipoonyesha jinsi ya kufunga ndoana, yeye alikuwa amekwisha kufunga tatu. Alipoeleza kwamba samaki hupumua kwa mashavu, alipiga miayo. Lakini siku ya tatu ilifika habari ya kuua.

Mtumbwini mwa baba yake samaki hakuuawa na mtu. Alitupwa sakafuni, akarukaruka, akanyamaza. Sheria ya Ujerumani ya kulinda wanyama, iliyotungwa mwaka 1972, haikubali hivyo. Yamkataza mtu kumtia mnyama maumivu bila sababu ya haki, na yamtaka anayemuua mnyama mwenye uti wa mgongo awe na ujuzi wa kazi hiyo. Samaki hupigwa kwanza kirungu juu ya macho hadi azimie, kisha ndipo hukatwa kwa kisu moyoni. Tena, mtu asiyekusudia kula asivue: kumnasa samaki kwa ajili ya furaha na picha, kisha kumrudisha majini, huhesabiwa kuwa ni kumtesa bure. Hurudishwa yule tu ambaye hajafikia urefu uliowekwa, au aliye katika majira yake ya kuzaa. Siku ile mwana wa Ujiji hakupiga miayo. Usiku alimwambia mkewe kwamba amehesabu, akashindwa, ni samaki wangapi aliowaona wakirukaruka utotoni pasipo kuwaza lolote.

Mtihani ulipofika alipata majibu 48 kati ya 60. Akaanguka. Katika fungu la aina za samaki alikuwa amepata matano. Yeye aliyeweza kutofautisha migebuka na sangala kwa kugusa tu gizani, alishindwa na samaki wadogo wawili wa huko, Rotauge na Rotfeder, ambao mgeni huwaona kuwa mtu na ndugu yake. Alimpigia baba yake simu akamweleza. Mzee alicheka hata akakohoa.

“Mtihani, mwanangu? Kwani samaki wa huko nao wamesoma?”

Tangu jioni ile mtoto ndiye aliyekuwa mwalimu. Baada ya chakula alipanga picha za samaki juu ya meza ya jikoni, akauliza kwa sauti ya mkaguzi wa shule. “Baba, tazama pezi la mgongoni. Kama limeanza juu ya mapezi ya tumboni, ni Rotauge. Kama limeanza nyuma yake, ni Rotfeder.” Baba akajifunza kwamba mayai ya samaki aitwaye Barbe yana sumu, na kwamba mkunga wa mto Neckar husafiri hadi bahari ya Sargasso kwenda kuzaa. Mara nyingine alikosea kwa makusudi ili mtoto apate kumsahihisha. Mara nyingine alikosea kweli.

Wakati huohuo habari ikatoka nyumbani. Tarehe 15 Mei 2024 serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti, kwa mapatano na nchi nyingine zinazopakana na ziwa hilo: Burundi, Kongo na Zambia. Mtumbwi wa mzee, ambao wapwa zake huutumia na kumpa fungu lake, ukalala mchangani. Safari hii ni mzee aliyepiga simu, wala hakucheka.

“Miezi mitatu, mwanangu. Tutakula nini?” Kisha akanyamaza kidogo. “Huyo mwalimu wenu wa huko, yeye anasemaje juu ya samaki kuachwa wazae?”

Mwana akamweleza alivyofundishwa, polepole, akichagua maneno, kwa kuwa hakuwahi kumfundisha baba yake jambo lolote. Mwisho wa mwezi akatuma fedha za unga na mafuta, na miezi miwili iliyofuata vilevile.

Mara ya pili alifaulu, na katika aina za samaki alipata kumi na moja. Alilipia leseni, akanunua na cheti cha siku moja kwa chama chenye mto, akarudi pale pale alipokunja mshipi. Alasiri ufito ukatikisika. Mtoto akamshika mkono: “Ni yupi, Baba?” Akaliangalia pezi, akasema Rotauge, na mtoto akakubali. Akachukua kirungu, akapiga mara moja, akakata.

Nyumbani walimkaanga, wakamla kwa shida maana alijaa miiba. Jioni mzee akataka kujua samaki wa leseni alikuwa na urefu gani. Akajibiwa: sentimita 27.

“Huyo,” akasema mzee, “ni chambo.”