Boriti na Mizani ya Nyumba

Aingiaye nyumba ya kale ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja huona kwanza wembamba wa vyumba. Vimefuatana ndani kwa ndani, virefu upande mmoja, na upana wake kwa kawaida haufiki mita tatu. Mgeni hudhani ni uhaba wa ardhi. Sivyo, ni boriti. Mti wa mkoko uliobebeshwa dari ya mawe na chokaa haustahimili kuvuka masafa makubwa zaidi ya hayo. Basi fundi aliuliza kwanza mti una urefu gani, ndipo akapima chumba. Hata mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita haongezi ya kumi na saba kwa sababu tu amepata neno tamu.

Zege na nondo zimemwondoshea mjenzi wa leo mpaka huo. Chumba huwa na upana wowote autakao mwenye fedha, na gharama hulipwa kwengine: utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za wanadamu duniani, na mchanga wa kuchanganyia umeacha mashimo Unguja palipokuwa na mashamba.

Ndipo husemwa: turejee kwenye chokaa na boriti. Ni kauli nzuri, ila imesahau mengi. Chokaa ya kale ilipatikana kwa kuchoma mawe juu ya rundo la magogo, na magogo ni miti. Boriti zilijazwa majahazini kutoka Lamu na Rufiji hadi Uarabuni na Ghuba, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Tumbawe jororo la kuchongea zidaka lilikatwa baharini likiwa hai. Mwenye kuiga yote hayo leo atapata nyumba ya kupendeza na ufukwe mtupu, na kuiita nyumba hiyo isiyodhuru mazingira ni kujidanganya.

La kurithiwa ni ule utii wa fundi kwa kitu alichonacho. Visiwani kuna mivinje, ambayo hupandwa na kukua upesi. Kuna minazi mikongwe iliyokoma kuzaa, ambayo mbao zake ni ngumu upande wa gome na laini moyoni, hivyo hutaka kuchaguliwa. Kuna mawe ya kuchimbwa nchi kavu. Chokaa nayo ibakie, kwa uchache, kwenye viungo na lipu, maana kazi yake haina mbadala mwepesi. Ukuta wa mawe hunywa unyevu wa masika, na lipu ya chokaa huuachia utoke. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi huvimba, na lipu hubambuka pamoja na uso wa jiwe. Nyumba ngapi za kale zimeharibiwa hivyo na wenyewe, wakidhani wanaziimarisha!

Mti wa mvinje nao hutaka kutiwa dawa ya wadudu na kukingwa mvua. Wala hautavuka sebule ya mita tano. Mwenye ramani ya sebule hiyo ataipunguza, au atasimamisha nguzo katikati, na watoto wataizunguka wakicheza.