Limechemka au Imechemsha?

Siku mbili kabla ya safari ya msiba Sumbawanga, fundi wangu hapa Misunkumilo aliinama juu ya injini, akabonyeza mpira mmoja mweusi kwa kidole gumba, akasema: “Mwalimu, mpira wa maji umechoka. Gari itachemsha.” Nikamjibu papo hapo, kana kwamba bado nimeshika kalamu nyekundu: “Si itachemsha, mwanangu. Gari litachemka.” Akacheka kwa adabu, maana nilimfundisha kidato cha pili, akafunga boneti. Nikaondoka nimeridhika. Kosa la sarufi nilikuwa nimelisikia. La gari sikulisikia.

Tuliporudi msibani, mimi na mama watoto, tulikuwa tumekwisha kuipita Kibaoni na kuingia barabara inayokatiza Hifadhi ya Katavi, jua likishuka. Kwanza ilikuja harufu ya mpira wa moto. Kisha nikaona mshale wa joto, ambao siku zote hutulia katikati, umelala kwenye wekundu. Mvuke ukafuka pembeni mwa boneti. Nikazima injini. Mbung’o wakatuingilia kabla hatujapandisha vioo, na ng’ambo ya bonde kundi la nyati likatugeuzia nyuso.

Simu ilishika kwa bahati. “Mwalimu, imechemsha?” akauliza fundi. Nikaanza: “Lime…” Mama watoto akanikata: “Mjibu mtoto wa watu, nyati wanatutazama.”

Yakafuata maswali ambayo sikuyaweza. Moshi wa nyuma ulikuwa mweupe, wa bluu au mweusi? Oili ya kwenye kijiti ni nyeusi, au imekuwa kama chai ya maziwa? Kabla ya kuzima, injini ilikuwa inagonga au inapiga misi? Nikasema ilitoa sauti. “Sauti gani, Mwalimu?” Nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini, na siku ile nilikuwa na neno moja tu: sauti.

Baadaye alinifafanulia. Moshi mweupe usiokoma huonyesha kwamba maji yanaingia kwenye silinda, na mara nyingi gasketi ndiyo imekufa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yanayozidi hewa. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, imekutana na maji, na gari lisiwashwe tena. Kugonga ni chuma kupiga chuma. Kupiga misi ni silinda kuruka zamu yake, kama mshororo uliopungukiwa mizani: msikilizaji hajui hesabu, lakini sikio linajikwaa.

Nyati walipotokomea, nilishuka. Aliniagiza nisiuguse mfuniko wa rejeta kwa nusu saa, kwani maji yaliyofungiwa kwa shinikizo humrukia mtu usoni. Kisha niufungue taratibu kwa kitambaa. Mpira ulikuwa umepasuka nchani tu. Nikakata kile kipande, nikaurudisha, nikakaza klipu kwa bisibisi, nikaongeza maji kidogo kidogo, kwani maji baridi yakimiminwa kwa pupa huweza kupasua injini yenye moto. Tukaenda polepole, hita imewashwa ili itoe joto kwenye injini, jasho likitutiririka, hadi Sitalike, na kutoka hapo hadi nyumbani.

Usiku ule sikulala upesi. Kuchemka ni kwa kitu chenyewe kupata moto hadi kutokota: maji yamechemka. Kuchemsha kuna mtenda. Gari lilikuwa limechemsha maji yake, na mafundi wameiacha yambwa kwa sababu kila mtu gereji anaijua. Nikisema “gari limechemka”, kwa hakika nimesema bati na viti vimetokota. Hata vijana wasemao “amechemsha” kwa maana ya kushindwa wameushika mnyambuliko uleule. Juu ya upatanisho sijarudi nyuma: gari ni la LI-YA, hata mtaa mzima useme vingine. Lakini kwenye kitenzi, aliyestahili kalamu nyekundu ni mimi.

Kesho yake nilimkuta fundi yuko chini ya gari jingine, miguu tu ndiyo inayoonekana. “Ulisema itachemsha,” nikamwambia, “nayo imechemsha.”

Akachomoza kichwa, uso umejaa oili. “Limechemsha, Mwalimu.”