Anatania kwa lugha gani?

Tulipokuwa wadogo Lushebere, kijiji cha Masisi mashariki mwa Kongo, mtoto aliyechelewa kusema alikatwa utando chini ya ulimi kwa wembe, au alipelekwa kuombewa. Vyote viwili vikishindwa, alipewa ng'ombe achunge. Aliitwa bubu hata kama alisikia kila alichotumwa.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha katika Afrika Mashariki. Baadaye nami nikapanda basi kupitia mpaka wa Bunagana, Kifaransa changu kikiwa hakina soko tena. Kampala nikafundishwa kuchunguza sikio kwanza, ulimi baadaye. Usaha wa masikio, ambao kwetu ulionekana jambo la kawaida la utoto, unaweza kumchelewesha mtoto kusema. Wembe ulinitoka akilini hapo hapo.

Uzamili ndio ulionivuruga. Vipimo nilivyopewa vilitungwa kwa watoto wa Kiingereza: vinasikiliza kama mtoto ametia "s" ya wingi mwishoni mwa neno. Wingi wa Kiswahili unakaa mbele, tena unatambaa sentensi nzima: viti vidogo vimevunjika. Mwanaisimu Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba hata mtoto asiye na tatizo huanza kwa kudondosha viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Nilikisoma kwa furaha, lakini Nairobi si Masisi. Mtoto wa Lushebere hugombezwa kwa Kihunde, hucheza kwa Kinyarwanda, hununua chumvi kwa Kiswahili, na shuleni Kifaransa kinamngoja. Na hicho Kiswahili chetu cha kusema "batoto" badala ya "watoto" kingeanguka mtihani wowote wa Dar es Salaam!

Kanuni niliyoishika ni hii: tatizo halisi la lugha huonekana katika lugha zote za mtoto. Likionekana katika moja tu, pengine hajaizoea. Kwa hiyo nikifika nyumbani kwa mtoto, kitabu cha picha cha vipimo nakiacha mkobani. Mama anachambua maharage, mtoto anamvuta kitenge na kusema maneno mawili ya Kihunde, nayaandika. Namuuliza mama: huyu akitania wenzake, anatania kwa lugha gani? Wengi hucheka kwanza, kisha hujibu kwa undani kuliko fomu yoyote niliyojaza chuoni.