Siku ya Kwanza Bara: Asubuhi Embu, Jioni Meru



Tulikuwa wanawake tisa na watoto wanne, pamoja na maharimu wetu wawili ambao ndio waliopokezana usukani. Tulitoka Mombasa katika likizo ya Agosti kwenda kuwazuru wakwe zetu wa Meru, kwani mmoja wetu amemwoza mwanawe binti wa huko, na tangu ndoa hiyo hatukupata kuikanyaga nchi ya mkaza mwana wetu. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Tulilala Embu usiku wa kwanza, baada ya kupita Mwea na kununua mchele wa pishori kando ya barabara pale Wang'uru. Kwa hivyo siku tunayoisimulia hapa ndiyo siku yetu ya kwanza ya kuiona nchi, nayo ilijaa hadi pomoni.

Tuliamka alfajiri na baridi ambayo watu wa pwani hatuijui. Maji ya udhu yalituchoma vidole kana kwamba ni moto. Baada ya Sala ya Alfajiri tulivaa sweta juu ya sweta ndani ya mabuibui, na watoto wakacheka kwa kuona moshi ukitoka vinywani mwao. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, ulijitokeza kwa muda mfupi upande wa kaskazini, kilele chake kikiwa cheupe, kisha ukajifunika mawingu kama bibi harusi aliyekwisha kuonwa vya kutosha. Tulisema Subhanallah, tukaingia garini.

Mkaza mwana wetu alikuwa amepanga twende moja kwa moja Meru. Lakini mwenzetu mmoja, ambaye hapa tutamwita Mama Saidi ingawa silo jina lake, aliomba jambo. Alitaka kwanza kuiona mimea ya muguka kwa macho yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana sote tunajua. Mwanawe wa pili aliacha shule akiwa kidato cha tatu, na mpaka leo hukesha barazani na mfuko wa majani, mchana hulala, na akiamshwa kwa sala hugeuka upande wa pili.

Basi tuliteremka kuelekea Mbeere. Embu si nchi moja. Upande wa mlimani ni majani ya chai na kahawa, mvua na ukungu. Upande wa chini, Mbeere, ardhi ni kavu, udongo mwekundu, miti ya miiba, na joto linalokaribia letu. Huko ndiko mto Tana ulikozibwa kwa mabwawa yanayozalisha umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mahindi huko hukauka mvua ikikosa, lakini muguka huvumilia, na mkulima huchuma tena na tena.

Tulipofika shambani, wachumaji walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Wengi walikuwa wanawake. Vichaka havikuzidi kimo cha mtu, na vidole vyao vilipita juu ya ncha changa kwa wepesi kama vya mwanamke wa kwetu anayesuka ukili. Tulielezwa kwamba miraa na muguka ni jamaa mmoja, ila miraa huliwa maganda ya vijiti vyake, na muguka huliwa majani yenyewe, nao ni rahisi zaidi kwa bei. Majani hayangoji. Yakinyauka hayana mnunuzi, na kwa hiyo kabla jua halijawa kali huwa yamekwisha kufungwa, na gari limekwisha kuondoka. Tuliuliza linakwenda wapi. Kijana aliyekuwa akipima mizigo alijibu bila kufikiri: "Mombasa."

Mama Saidi alimsogelea mama mmoja wa makamo aliyekuwa akichuma, akamsalimu kwa adabu, naye akaitika kwa Kiswahili safi. Wakaulizana hali na watoto. Kisha Mama Saidi akasema, "Mama, mwanangu analiwa na majani haya. Wako je, wanakula?"

Yule mama hakukasirika. Aliacha kuchuma. Akasema, "Hapana, mama. Wangu wanne wako shule, na karo yao ni haya majani. Nikiyang'oa leo, kesho watarudishwa nyumbani." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Pole kwa mwanao. Sikujua kama kuna mama anayelia huko chini."

Wasomaji wetu wanakumbuka yaliyotokea Mei 2024, pale Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipopiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwa muguka katika kaunti yetu, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Kwetu akina mama wengi walifurahi. Huku Embu wengi walilia, na kabla ya mwezi huo kwisha Mahakama Kuu mjini Embu ikasimamisha marufuku hayo; miraa imo katika orodha ya mazao yanayotambuliwa na sheria za nchi. Tulikuwa tumeyasikia yote hayo redioni kama habari za watu wasio na nyuso. Asubuhi ile tulizionea nyuso pande zote mbili, na hatukuwa na neno la kuongeza. Maoni yetu juu ya majani yale hayakubadilika, wala hatukuweza kumchukia aliyeyachuma.

Tulirudi Embu mjini, tukashika barabara ya Meru. Safari hii, isiyopungua kilomita 120, huuzunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na kwa uzuri wa kijani sijui kama Mola ametuonyesha kingine katika nchi hii. Karibu na Runyenjes tulionyeshwa kilima cha Kirimiri chenye msitu, na tukasikia habari za Mwenendega, ambaye Waembu humhesabu kuwa babu yao wa kwanza. Kisha mito ikaanza kufuatana: unateremka bondeni, unavuka daraja, unapanda, na kabla hujapumua bonde jingine liko mbele yako. Mtoto mmoja aliuliza maji yote haya huenda wapi. Yanaingia Tana, tukamwambia, na Tana huteremka mpaka Kipini, baharini kwetu.

Kwenye mto Nithi, katika kaunti ya Tharaka Nithi, gari lilipunguza mwendo na mazungumzo yakakatika yenyewe. Mteremko ule ni mkali, na daraja liko mwishoni mwa kona. Julai 2022 basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia hapo, wakafa watu zaidi ya 30. Tuliwaombea marehemu wote rehema za Mola na waliobaki subira, na ndugu yetu aliyekuwa usukanini hakuondoa mguu kwenye breki mpaka tulipovuka. Atakayesafiri njia hii asimhimize dereva.

Baada ya Chuka, Chogoria na Nkubu, kabla ya kuingia mjini Meru, tulishuka penye kibao cha Ikweta. Watoto waliruka huku na huku, mara kusini ya dunia, mara kaskazini. Tulipiga picha, tukanunua ndizi, tukaendelea.

Meru mjini tulifika muda wa saa saba na robo mchana, tukaenda moja kwa moja msikiti wa Jamia. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusuru na kukusanya, tukashukuru kwa wepesi huo wa dini yetu. Kina mama wa pale walitupokea kana kwamba walikuwa wakitungoja tangu jana. Uislamu katika miji hii si wa leo. Walikuja wafanyabiashara na askari na wapagazi tangu zama za mwanzo za ukoloni, wakaoa, wakazaa, wakajenga. Mtaa wao huitwa Mjini, jina ambalo mtu wa pwani akilisikia hujiona yuko kwao.

Baada ya chakula tulikwenda Makumbusho ya Meru, yaliyo katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa Waingereza. Ndani mna vyombo vya kale, mavazi ya ngozi, silaha, habari za Njuri Ncheke, baraza la wazee la Wameru ambalo hata leo watu hulipelekea magomvi ya ardhi. Nje pana mfano wa boma la kale na bustani ya miti ya dawa. Na hapo ndipo tulipokutana na kisa ambacho hatukukitarajia.

Mwelekezi wetu alituuliza tumetoka wapi. Tuliposema pwani, akatabasamu, akasema, "Basi mmetoka kwetu." Akatuhadithia kwamba kwa masimulizi ya wazee, Wameru waliishi zamani katika kisiwa kiitwacho Mbwaa. Wakaja watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, wakawatia utumwani. Wakawapa majaribu yasiyowezekana: waleteni ngozi yenye manyoya pande mbili, tengenezeni mkuki utakaofika mawinguni. Kiongozi wao akawapa hila, wakatoroka usiku, na bahari ikawafungukia njia. Wengi husema kwamba Mbwaa ndiyo Manda, kisiwa cha Lamu. Kuhusu hao wenye nguo nyekundu, wanahistoria hawakukubaliana walikuwa nani.

Mmoja wetu ni mzaliwa wa Lamu. Utoto wake wote aliiona Manda ng'ambo ya maji, kila alipofungua dirisha. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na hao Nguo Nyekundu, watu huku husema walikuwa sisi?"

Mwelekezi hakumdanganya. "Wako wasemao hivyo," akasema. "Bibi yangu aliposikia naoa Mswahili angelia. Lakini leo mmekuja na pilau."

Tulicheka, na mkaza mwana wetu akacheka zaidi, kisha tukatoka kukaa kivulini bila mtu kusema mengi. Kisa kile, cha bahari iliyofunguka na watu waliotoroka dhuluma, masikio ya Muislamu huyajua ya Nabii Musa, alayhi salaam. Na katika kisa cha Musa hakuna anayependa kujiona upande wa Firauni. Asubuhi tulikwenda Mbeere tukiwa wenye kudai. Alasiri tuliambiwa kwamba katika daftari la wenzetu huenda sisi pia tunadaiwa. Mama Saidi ndiye aliyevunja kimya. "Hata yule mama wa asubuhi," akasema, "angeweza kunijibu hivyo, na hakunijibu."

Jua lilipoanza kushuka tulipita soko la Gakoromone. Ndizi, viazi, maparachichi makubwa kama vichwa vya watoto, na bei ya kumfanya mtu wa Kongowea asiamini masikio yake. Wenzetu wawili walitaka kununua kila kitu, mpaka maharimu wetu wakawakumbusha kwamba gari lina watu kumi na watano na mchele wa Mwea. Magharibi tulisali nyumbani kwa wakwe. Walikuwa wametununulia kuku hai ili sisi wenyewe tuwachinje, wakatupa sufuria mpya ambazo hazijapikiwa kitu. Jambo hilo hatukuwaomba. Ndugu yetu alichinja, wanawake wa pande zote mbili wakapika pamoja: wao mukimo, sisi pilau ya pishori.

Kwa familia zitakazotaka kufuata njia hii: chukueni nguo nzito, hasa Juni mpaka Agosti, ondokeni Embu mapema, chakula cha halali kinapatikana mijini kwa kuwauliza wenyeji msikitini, na msiwapige watu picha mashambani bila idhini. Zaidi ya yote, nendeni na wakati wa kusikiliza.

Baada ya Isha, tulipokuwa tumejilaza chini ya blanketi tatu tatu, tulimsikia Mama Saidi akimpigia simu mwanawe. Hakumfokea. Alimwambia amemwona mama anayechuma majani, kwamba ana watoto wanne shuleni, na kwamba amempa pole. Kisha akamuuliza kama amekula na kama amesali. Jibu hatukulisikia. Lakini alikaa na simu sikioni muda mrefu, na hiyo, alitwambia asubuhi, ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mwanawe kutoikata.

Tunaomba dua zenu kwa ajili yake, na kwa watoto wa yule mama wa Mbeere pia. Wabillahi tawfiq.