Meza ya Chuma Yapata Makao Mapya Chepilat

Ukitoka mjini Kericho ukapita Litein, Kapkatet na Kaplong, utafika Sotik. Hapo shika barabara iendayo Kisii. Punde si punde makanga atagonga bodi ya gari na kuita, "Chepilat! Wa Chepilat tushuke!" Nawe shuka, nikuonyeshe meza.

Kwanza tazama ulipo. Chepilat ni soko la mpakani. Huku ni Sotik, Kaunti ya Bomet, kwa Wakipsigis. Kule ni Borabu, Kaunti ya Nyamira, kwa Wakisii. Siku ya soko huwezi kujua nani katoka wapi. Hata hivyo, mpaka huu umeona makubwa. Mwaka 1992, na tena mapema 2008 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, fujo zilizuka, watu wakauawa na majengo yakateketezwa.

Meza yenyewe imo katika kibanda cha mabati cha seremala mmoja Mkipsigis, mtu wa makamo. Ni bamba la chuma juu ya miguu minne ya chuma. Ilikuwa ya jirani yake Mkisii, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeacha kazi macho yalipochoka.

"Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walitaka kuipima kwa kilo," seremala aliniambia. "Nikamwambia mzee, niachie mimi. Benchi langu la mbao liliungua 2008."

Utauliza, chuma na mbao vinapatana wapi? Vinapatana kwenye uzito. Bamba la unene wa milimita 10 lina kilo 78 hivi kwa kila mita ya mraba. Seremala akisukuma randa, meza haitikisiki wala haimfuati.

Lakini chuma kitupu ni adui wa patasi. Ikiteleza na kukigusa, makali yamekwisha. Pia kuna jambo ambalo watu wa nchi ya chai wanapaswa kulielewa upesi. Mwanafunzi, jaribu hili nyumbani: tia msumari wenye kutu ndani ya kikombe cha turungi, ukiache usiku kucha. Asubuhi utakuta chai imekuwa nyeusi kama wino. Ile tanini inayokamata ulimi imeungana na chuma. (Usiinywe!) Tanini hiyo imo pia katika mbao nyingi, ikiwemo mikaratusi inayokaushia chai viwandani. Ubao mbichi ukilazwa juu ya chuma chenye unyevu, utaamka na madoa meusi yanayoingia ndani.

Basi fundi wetu alifanyaje? Aliitoa meza nje, akasaga vidonge vya chuma vilivyogandia juu yake, kwa kuwa kimoja tu chaweza kukwaruza mlango mzima. Akaweka rula ndefu ya chuma huku na huku kuona kama bamba limepinda. Akakwangua kutu na kupaka rangi. Kisha akalivika bamba uso wa mbao kavu, nene sentimita 4, akikaza skrubu kutoka chini ili kichwa cha skrubu kisikutane na patasi.

Matundu ya skrubu aliyafanya marefu kidogo, si duara. Mbao huvimba msimu wa mvua na kusinyaa kiangazi, nacho chuma hakifuati mwendo huo. Ukivibana bila nafasi, ubao utapasuka.

Mwisho alipima kimo. Alisimama wima, mikono ikining'inia, akataka uso wa meza ufike kwenye kiganja. Uso mpya ulikuwa umeiinua meza, hivyo miguu ikapunguzwa. Aliyeikata ni yule mzee wa ng'ambo ya barabara. Ilikatwa nje, mbali na maranda. Cheche ya chuma huweza kuruka mita 10, ikajificha kwenye vumbi la mbao na kufukuta kwa saa nzima kabla ya kuwaka. Chepilat haihitaji kufundishwa habari za moto.

"Hapa ndani hakuna kuchomelea," seremala alisema. "Hata mwenye meza akiomba."

Nilipoondoka, mwenye meza alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akimkosoa mwenzake jinsi anavyoshika tupa. Seremala alicheka tu, akaendelea na mlango wake. Aliyeuagiza ni mama mmoja wa upande wa Borabu.

Msomaji, wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mizani yake, hebu chungulia kwa jirani. Huenda kitu kilichokuchosha ndicho anachokihitaji.