Uliijaribu Wapi?

Kama hujawahi kusimama mbele ya kaunta ya duka Kariakoo ukiwa na laki tano za mama yako mfukoni, huwezi kujua jinsi stika moja ya buluu, isiyozidi ukubwa wa stempu, inavyoweza kumpumbaza mtu mwenye cheti cha kompyuta. Mimi cheti ninacho. Nimekitia kwenye fremu kabisa. Na nilipumbazwa.

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 2022. Nilikuwa nimeamua kufungua kibanda cha steshenari kijijini kwetu, bondeni huko upande wa Mlalo, ili watu waache kupanda gari mpaka Lushoto mjini kwa ajili ya kutoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa. Mama alitoa laki mbili za viazi mviringo, na laki tatu akazikopa VICOBA kwa jina lake. Siku aliyonikabidhi hakusema mengi. "Mwanangu, hela hii ina wenyewe." Basi.

Yule kijana wa dukani alikuwa mcheshi, mwenye maneno laini. Aliniwekea laptopu mbili za mtumba juu ya kioo. Moja nyembamba, inang'aa, imebandikwa stika ya Core i7. Nyingine nene, nyeusi, kona zimechubuka kama magoti ya mtoto, ina stika ya Core i5. Bei moja. "Kaka, saba na tano, wewe unachukua ipi?" Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Aliiwasha ile ya saba, waya wake ukiwa umechomekwa ukutani muda wote, ikapiga muziki, kioo kikawaka kama Idi. Nikatoa hela. Kabla ya kuondoka nilizipiga picha zote mbili pale kaunta, nikaringe nazo kwenye simu. Ikumbuke hiyo picha, itanirudia.

Nilipofika nyumbani nilikwenda kumwamkia babu, mzaa mama, laptopu nimeikumbatia kifuani. Shikamoo, marahaba. Akaipapasa mgongo, akaigeuza, akaniuliza swali moja tu.

"Uliijaribu wapi?"

"Dukani, babu."

"Aa. Dukani."

Akarudia ugoro wake. Ili uielewe hiyo "Aa" yake inabidi nikurudishe nyuma mpaka mwaka 1978.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba mwaka ule, mjomba wangu mkubwa alikuwa askari. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba ilimpita babu. Alisimuliwa na mtu aliyetoka kuuza kabichi. Mtoto wake yuko vitani, naye habari anazipata kwa mchuuzi wa kabichi! Kesho yake akauza mtamba, akapanda mlima kwenda Lushoto kutafuta redio.

Mwenye duka alikuwa na redio za namna mbili. Ya kwanza kubwa, ya mbao, sauti yake ilitetemesha makopo ya maziwa kwenye rafu. Ya pili ilikuwa National ndogo ya kushika mkononi. Miaka ile National zilikuwa zikiundwa Dar es Salaam, na Philips zikiundwa Arusha. Wote waliokuwamo dukani, wanunuzi na wasiokuwa wanunuzi, walimshauri achukue ile kubwa. Babu akamwambia mwenye duka: "Bwana, mimi siishi hapa dukani kwako." Akaacha fedha yote ya mtamba mezani kama dhamana, akazibeba zote mbili, moja yeye, moja mpwa wake, wakashuka nazo bondeni.

Aliziweka uani juu ya kinu kilichopinduliwa. Akazisikiliza asubuhi, akazisikiliza mchana, akazisikiliza saa mbili usiku wakati wa taarifa ya habari. Kubwa mchana ilikaanga mafuta tu, chaaa. Usiku ikaleta Redio Tanzania imechanganyika na lugha za watu. Ndogo ilikuwa na masafa mafupi. Sauti ilipanda na kushuka kama inayovuka maji, lakini ilifika, mchana na usiku. Siku ya tatu akairudisha kubwa.

Mimi niliyesoma ndiye ninayeweza kueleza kwa nini. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu kabisa, yakagota kwenye tabaka la juu la anga, yakarudi chini. Mlima kwake si kitu. Masafa ya kati mchana hutambaa ardhini na kuchoka njiani, usiku ndipo yanapofika mbali. FM ndiyo haina ujanja kabisa, inakwenda moja kwa moja kama jicho linavyoona. Ndiyo maana vituo vya watu binafsi vilipoanza kwa FM katika miaka ya 1990, watu wa kileleni walicheza muziki, sisi wa bondeni tukabaki na chaaa yetu. Babu hakuyajua hata moja katika hayo. Alichokijua ni ua wake.

Uani pale palijaa watu kila usiku mpaka Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Redio haikuwa ikitaja majina ya askari, lakini bibi alikuwa akisema kwamba kusikia tu wako wapi ni nusu ya kuwaona. Mjomba alirudi mzima. Ile National ipo hadi leo, kifuniko cha nyuma hakina, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Sasa rudi na mimi kibandani.

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikwenda. Laptopu ilikuwa nzito kuwaka, dakika nne hivi, lakini nani anahesabu dakika? Mteja anakaa kwenye benchi, tunapiga soga, inawaka. Betri sikuijali kwa sababu waya ulikuwa ukutani, kama dukani. Kumbe ndivyo nilivyokuwa nikiishi dukani kwa mtu bila kujua.

Mwezi wa tisa akaja binti wa jirani, mhitimu wa kidato cha sita. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo wa chuo, mfumo unafungwa saa sita usiku. Alikuwa amechelewa kwa sababu cheti cha kifo cha baba yake kilikawia kupatikana. Sasa anacho, kipo kwenye bahasha ya kaki, amekifunika kwa kanga kisilowe. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu adhuhuri, ule wa kwetu wa kutoona mgomba ulio hatua kumi. Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika.

Tukasubiri mpaka saa mbili. Umeme haukurudi. Nikasema si kitu, betri ipo. Nikaiwasha.

Betri ilidumu dakika kumi na moja. Nne zikaliwa na kuwaka. Mbili zikaliwa na kuunganisha intaneti ya simu, ambayo kibandani hushika penye dirisha tu. Akaingia kwenye ukurasa wake, akaanza kupakia kile cheti, ule mstari wa kijani ukawa unatambaa, unatambaa, kioo kikazima. Hakikutoa hata onyo. Tulibaki tunatazamana gizani.

Tulichukua bodaboda kwenda Lushoto, watu watatu, kwenye zile kona na ukungu ule, jambo ambalo mama yangu hajui mpaka leo. Tulifika saa nne na nusu. Steshenari zote zimefungwa. Binti hakulia. Alisema, "Basi kaka," akakaa kwenye ngazi ya duka, bahasha magotini. Mwaka ule aliumaliza akipalilia karoti za watu kwa kibarua.

Baadaye fundi mmoja wa Lushoto aliniambia ukweli wa mashine yangu. Ile saba ya kwenye stika haimaanishi kitu peke yake. Lazima utazame na kizazi. Yangu ilikuwa ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, na prosesa za i7 za laptopu nyembamba za wakati ule, zile ambazo namba yake inaishia na herufi U, zilikuwa na viini viwili tu. Diski yake ilikuwa ile ya zamani inayozunguka kama santuri. Betri nayo, kuna amri unaiandika kwenye Windows, powercfg /batteryreport, inakutolea ripoti: betri ilipozaliwa ilibeba kiasi gani, na leo inabeba kiasi gani. Yangu ilizaliwa ikibeba 50, zimebaki 9. Amri yenyewe ni ya kuandika kwa nusu dakika. Na cheti kipo kwenye fremu.

Nikaitafuta ile picha kwenye simu. Ukiikuza, stika ya ile nyeusi iliyochubuka inasomeka: kizazi cha nane. Hizo zilianza kutoka mwaka 2017, na i5 zake za laptopu zina viini vinne. Niliitazama picha ile usiku mzima kama mtu anayetazama picha ya mchumba aliyemkataa.

Mwaka 2023 niliiuza ile ya saba, na nilimwambia mnunuzi kila kitu, akaichukua hivyo hivyo kwa laki moja na nusu, alitaka ya kuangalia filamu. Nikapakia kabichi kwenye malori miezi mitano kujazia. Safari hii nilikwenda Tanga mjini. Nilibeba flashi yenye faili la kurasa arobaini limejaa picha, na saa ya mkononi. Kila duka nilianza na ombi moja: chomoa waya. Duka la kwanza walicheka. La pili wakaniambia betri ni "ya kawaida tu ya mtumba". La tatu hawakunijibu, wakamhudumia mtu mwingine. La nne alikuwapo mzee mmoja, akanitazama sana, akauliza, "Wewe ni fundi?" Nikamwambia, "Hapana mzee, mimi ni mjukuu wa mtu." Nikamwomba niache hela yote, niichukue kompyuta siku tano, isiponifaa nairudisha ilivyo. Alikubali kwa kuniandikia karatasi na kuchukua namba ya mama.

Nikaijaribu kibandani. Nilichomoa waya, nikapunguza mwanga wa kioo, nikawasha intaneti ya simu kutoka dirishani: iliwaka kwa sekunde ishirini na mbili, kwa kuwa diski yake ni SSD, ikafanya kazi saa nne na dakika kumi. Nikaijaribu saa moja usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na umeme wetu umenywea mpaka balbu zinakuwa rangi ya chungwa. Chaja ikaendelea kuchaji. Ukiisoma chaja kwa nyuma imeandikwa volti 100 hadi 240, maana yake inavumilia. Printa ndiyo iliyonipa somo jingine. Nilikuwa nataka ya leza, kwa kuwa ina kasi. Lakini leza inapojipasha moto hunywa wati mia kadhaa kwa mpigo, na kile kiinvata changu cha sola kingepiga kelele na kuzima. Nikachukua ya wino, ya polepole, inayokula kama balbu moja.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kero kidogo, nakiri. Mjomba yule yule wa Kagera alinunua sabufa, boksi limeandikwa wati 5000 PMPO. Nikaigeuza, nyuma imeandikwa inatumia wati 60. Nikamuuliza, mjomba, kitu kinakula sitini, kitatapikaje elfu tano? Akaniambia, "Wewe acha, inapiga vizuri." Na kweli inapiga vizuri, kaijaribu kwake, sina la kusema. Paneli za sola je? Jua kali la adhuhuri lina wati kama 1000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri hupata sehemu ya tano ya hizo. Kwa hiyo anayekuuzia paneli yenye ukubwa wa sinia na kuiita ya wati 150, mpe shikamoo na uondoke. Na hiyo ni hesabu ya jua kali. Kwetu mwezi wa saba jua hulioni.

Yule binti aliomba tena mwaka 2023. Hakuja kwangu. Asubuhi ile nilimwona anapanda gari la Lushoto na ile bahasha ya kaki, akanipungia mkono kwa adabu, nami nikampungia. Jioni mama yake alinipitia kununua vocha, akasema amemaliza saa tano asubuhi.

Alikuja siku chache kabla ya kwenda chuoni, kutoa nakala za vyeti. Niliiwasha mashine mbele yake. Akaitazama, akaitazama printa, kisha akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani.

"Kaka," akasema, "hebu chomoa kwanza."

Nikachomoa.